Miaka mia stoo, na bado orodha haijaisha: watu wa kujitolea wanafanya nini kwenye ghala za makumbusho?

Kila mjadala wa kurudishwa kwa mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, iliyoko Berlin, unapofufuka, au Wakenya wanapokumbushana kwamba wale simba wawili waliokula watu Tsavo wako Chicago, maswali mawili hufuatana. La kwanza: jumba moja la makumbusho linawezaje kuwa na vitu milioni 30, kama linavyosema lile la elimu viumbe la Berlin, wakati mgeni hulimaliza kwa asubuhi moja? La pili huja mtu anaposikia kwamba wastaafu na wanafunzi wa kujitolea ndio wanaoandika orodha ya vilivyomo. Yaani miaka yote hiyo hawajui walichobeba?

Jibu fupi la swali la pili ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa hawajui. Wanajua wana makabati mangapi, na kabati lipi lina vipepeo na lipi lina popo. Lakini kipepeo huyu mmoja, alikamatwa wapi, mwaka gani, na nani? Hapo mara nyingi hakuna mtu ndani ya jengo anayeweza kukujibu bila kupanda ngazi, kuvuta droo na kuinamia karatasi ndogo kuliko stempu. Anachokifanya mtu wa kujitolea ni kuvuta hiyo droo.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Sampuli ni mnyama, mdudu, mmea, mfupa au jiwe lililokusanywa na kuhifadhiwa ili lichunguzwe: ndege aliyechunwa na kujazwa pamba, mende kwenye pini, samaki kwenye chupa ya spiriti, tawi lililokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Mkusanyiko wa matawi ya namna hiyo huitwa hebaria. Lebo ni kile kikaratasi kinachofuatana na sampuli na kusema imepatikana wapi, lini, na nani aliikusanya. Halafu kuna vitabu viwili ambavyo watu huvichanganya. Daftari la mapokezi huandika mzigo ulipoingia: masanduku kumi ya wadudu, Usambara. Huo ni mstari mmoja tu. Katalogi huandika kila mdudu peke yake kwa namba yake. Jumba linaweza kuwa na daftari la mapokezi safi kabisa la karne nzima na bado likawa halina katalogi.

Kinachoonekana ukumbini ni chembe. Makumbusho ya elimu viumbe ya London yana sampuli zipatazo milioni 80, na nyingi kati yake ni wadudu, konokono na mimea, siyo tembo. Droo moja ya mbu inaweza kubeba mamia. Ndiyo maana milioni 30 zinaingia kwenye jengo moja la Berlin bila kubomoa ukuta. Na kukaa stoo si kufichwa. Mwanga hufifisha rangi za manyoya, joto na unyevu huita ukungu, na kuna wadudu wadogo ambao mabuu yao hula ngozi na wadudu wakavu mpaka pini ibaki inasimama yenyewe. Giza na baridi ya stoo ndiyo matunzo yenyewe.

Sasa, lebo. Sampuli isiyo na lebo ni kama kidonge kilichotoka kwenye pakiti yake. Huenda ni dawa nzuri sana, lakini hakuna mfamasia atakayethubutu kukupa. Ngozi ya swala isiyo na mahali wala tarehe ni pambo la ukutani. Ngozi hiyohiyo ikiandikwa Kilosa, na mwezi, na mwaka, inakuwa ushahidi kwamba swala yule aliishi pale wakati ule, hata kama leo pale ni mashamba ya mkonge. Nusu ya thamani iko kwenye karatasi. Wengine husema zaidi ya nusu, nami niko upande wao.

Kwa nini basi kazi ililala? Kwa sababu kukusanya ni rahisi na kuandika ni kugumu. Msafara wa miezi sita huleta maelfu ya sampuli, na wa kuzipokea ni msimamizi mmoja ambaye tayari ana maelfu ya mwaka juzi mezani. Utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta kwamba, kwa wastani, spishi mpya hukaa miaka 21 kwenye rafu tangu ikusanywe hadi mtu aieleze kisayansi na kuipa jina. Mwingine wa 2010 kuhusu mimea inayotoa maua ulikuta kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zilizotambuliwa ndani ya miaka mitano tangu kukusanywa, na karibu robo zilingoja zaidi ya miaka 50.

Mfano wa kwetu ni Tendaguru penyewe. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wachimbaji na wapagazi wa Lindi walitoa ardhini zaidi ya tani 200 za mifupa na kuibeba kwa mabega hadi pwani. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa mikubwa ikaunganishwa, na lile jitu lenye shingo ndefu likasimamishwa ukumbini Berlin 1937. Iliyobaki ikaenda rafuni, na baadhi ya vifurushi vilivyofungwa kwa mianzi Tendaguru havijafunguliwa hadi leo. Mwaka 2007 mtafiti mmoja alizipitia upya pingili mbili za shingo zilizokaa humo na kukuta ni za dinosaria ambaye hakuwa na jina. Akamwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Karibu miaka mia ilipita mfupa ukiwa mikononi mwa makumbusho, na jina la mtu aliyesimamia uchimbaji likingoja pamoja nao.

Watu wa kujitolea wanaingia hapo, na wako wa aina mbili. Wa kwanza huingia stoo kwa miguu yao. Huvaa glavu, kwani zamani ngozi za ndege na wanyama zilipakwa aseniki, na karatasi nyingi za mimea zilitiwa chumvi ya zebaki ili wadudu wasizile. Sumu hizo bado zimo. Hufundishwa kumbeba ndege kwa kiwiliwili na siyo kwa mguu, kushika pini kwa koleo, kuweka lebo kando ya mdudu ili picha moja ichukue vyote viwili, kubandika namba, kupiga picha, kurudisha. Kisha droo inayofuata. Makumbusho ya Australia yaliyoko Sydney yana timu ya namna hii, na 2011 yalianzisha mfumo wa mtandaoni uitwao DigiVol kwa ajili ya aina ya pili ya watu wa kujitolea: wale wanaokaa nyumbani, wanafungua picha na kuchapa kilichoandikwa kwenye lebo.

Mfumo huo ulizaa mwingine unaotuhusu zaidi. Bustani ya mimea ya Meise, karibu na Brussels, ina hebaria ya sampuli zipatazo milioni nne, na sehemu kubwa ilitoka Kongo, Rwanda na Burundi enzi za utawala wa Wabelgiji. Kati ya 2015 na 2018 walipiga picha sampuli zipatazo milioni 1.2 za Afrika na za Ubelgiji. Picha ni kazi ya mashine. Kusoma mwandiko wa padri aliyeandika kwa kalamu ya wino, ndani ya hema, mvua ikinyesha, ni kazi ya mtu. Kwa hiyo 2018 wakafungua jukwaa liitwalo DoeDat, lililojengwa juu ya DigiVol, ambapo yeyote anaweza kujiandikisha akasoma lebo.

Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo huwashangaza wengi: usisahihishe. Lebo ikisema "Kilimandjaro", andika "Kilimandjaro". Ikisema mto uko mashariki nawe unajua uko magharibi, andika mashariki. Kuna sehemu ya pili ya fomu kwa ajili ya tafsiri yako, na vitu viwili hivi havichanganywi, kwa sababu ukifuta kosa la mwanzo umefuta pia njia ya kujua lilitokea vipi. Neno lisilosomeka huwekewa alama, halibahatishwi. Kisha mtu mwingine hupitia. Kwenye DigiVol ni mzoefu anayehakiki. Kwenye Notes from Nature, jukwaa la Marekani lililoanza 2013, lebo moja husomwa na watu watatu wasioonana na majibu yao hulinganishwa. Ukikosea peke yako, wawili wanakuzidi kura.

Kanuni ya pili ni ngumu kuliko hiyo: kugeuza jina la mahali kuwa nukta kwenye ramani. Majina makubwa hayasumbui. Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani, Elisabethville ni Lubumbashi, Costermansville ni Bukavu, Usumbura ni Bujumbura, Astrida ni Butare, ambayo nayo siku hizi huitwa Huye. Upande wa Wajerumani, Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga. Kenya kuna Port Florence ya Kisumu na Fort Hall ya Murang'a. Hayo yote mtu wa Ghent, Ubelgiji, anayapata kwenye kitabu.

Shida ni vijiji. Mkusanyaji alisikia jina kwa sikio la Kifaransa au Kijerumani akaliandika alivyoweza. Mara nyingi aliandika jina la jumbe, kwa kuwa kijiji kilijulikana kwa mwenyewe, na jumbe alipofariki au kuhama jina likahama naye. Au aliandika "mwendo wa saa tatu kutoka misheni", bila kusema misheni ipi. Halafu yako majina yanayojirudia. Ukimpa mstaafu wa Brussels "Kibaoni" au "Majengo" atatafuta kwenye ramani, atafurahi kukuta moja, na ataweka nukta. Msomaji wa Kiswahili hatafurahi. Atauliza Kibaoni ya wapi, maana anajua ziko nyingi, na atarudi kwenye tarehe kuangalia mkusanyaji huyo jana yake alikuwa wapi na kesho yake alilala wapi. Ndiyo njia sahihi ya kufanya: kufuata safari nzima ya mtu, siyo lebo moja. Na pale hakika inapokosekana, nukta huwekewa duara kuizunguka, kilomita tano au hamsini, ili mtumiaji ajue ni makisio ya upana gani.

Makosa ya hapa hayafichiki. Anayesahau alama ya kutoa kwenye latitudo huupeleka mmea wa Tabora juu ya Ikweta, huko Sudan Kusini. Anayeacha sifuri mbili kwenye fomu huupeleka Ghuba ya Guinea, mahali latitudo 0 inapokutana na longitudo 0, na kwenye hifadhidata za dunia eneo hilo la bahari tupu lina mimea na wanyama wa nchi kavu wa kushangaza.

Hapa ndipo nina maoni yangu. Kazi hii imezoeleka kuonekana kama ya wazee wa Ulaya wenye muda. Lakini kwa lebo za Kivu, Katanga, Ruanda-Urundi na Tanganyika, mwenye ujuzi adimu ni mtu wa Uvira au Morogoro anayejua kwamba mto fulani una majina mawili kwenye kingo zake mbili. Huyo ndiye aliye mbali zaidi na kazi, na sababu ni za kawaida: bando, kompyuta, na fomu zilizoandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa au Kiingereza.

Sasa zile imani zinazosambaa. Wapo wanaosema watu wasio na shahada wataharibu sayansi. Mtu wa kujitolea hatoi majina ya spishi, anasoma karatasi. Majina ni ya wataalamu, na hao wenyewe si malaika. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford na Edinburgh walichunguza sampuli 4,500 za mimea ya Afrika ya jamii ya tangawizi na kukuta kwamba kabla ya uhakiki wa karibuni angalau asilimia 58 zilikuwa na jina lisilo sahihi. Walioziandika walikuwa wasomi. Kosa la namna hiyo hugunduliwa pale sampuli zote zinapoonekana pamoja kwenye skrini moja, na hiyo ndiyo kazi ambayo orodha huifanya.

Wengine huuliza: mkishapiga picha, sampuli ya nini tena? Warudieni simba wa Tsavo. Waliuawa 1898, wakawa mazulia nyumbani kwa aliyewaua kwa miaka 25 hivi, kisha ngozi na mafuvu vikauzwa kwa jumba la Field la Chicago kwa dola 5,000. Mwaka 2024 watafiti walichapisha walichokikuta kwenye mashimo ya meno yao yaliyovunjika: nywele zilizogandamana tangu enzi zile. Vinasaba vikaonyesha walikula twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na watu. Nyumbu hakutarajiwa, kwani haikudhaniwa kwamba alikuwepo karibu na pale simba hao walipowinda. Hakuna picha ya jino ambayo ingetoa hayo, na mwaka 1898 hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kiitwacho vinasaba cha kutafutwa humo.

Wengine huuliza: ndege mia wa aina moja wa nini, mmoja hatoshi? Swali hilo nalo linastahili jibu la heshima, kwa kuwa kwa nje kukusanya hivyo kunafanana na ulafi. Mmoja hakuambii kitu kuhusu mabadiliko. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alilinganisha mayai ya kipanga na jamaa zake yaliyokusanywa miaka mbalimbali, na kukuta maganda yalianza kuwa membamba ghafla karibu na 1947, wakati dawa ya wadudu ya DDT ilipoingia mashambani. Mayai hayo yalikusanywa na watu wa burudani tu, wengine bila hata kibali, lakini tarehe ziliandikwa. Chicago, tangu 1978, ndege wanaojigonga kwenye vioo vya maghorofa wakati wa kuhama huokotwa na kupimwa, wengi wakiletwa na watu wa kujitolea. Walipofika zaidi ya 70,000, utafiti wa 2019 ulionyesha mfupa wa mguu umefupika kwa asilimia 2.4 huku mabawa yakirefuka kwa asilimia 1.3. Dunia inapata joto na miili inapungua. Ndege mmoja mzuri ndani ya kioo asingesema hivyo.

Na ile kubwa: kwamba kuweka orodha mtandaoni ni sawa na kurudisha. Siyo. Picha ya jani la Yangambi, Kongo, ikiwa kwenye simu yako, jani bado liko Meise, na ufunguo wa kabati uko kwa wao. Makumbusho yanayotumia neno "kushirikisha" kana kwamba limemaliza mjadala yanastahili kuulizwa. Lakini wanaodharau orodha kwa sababu hiyo nao wanajikata miguu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na anayedai asichoweza kukitaja kwa namba hupewa chai na kurudishwa nyumbani. Mtafiti wa Bujumbura anayetaka kujua mmea gani ulikuwa kwenye msitu wa Kibira mwaka 1930 anaweza leo kuanza bila viza. Ni hatua ya kwanza, siyo ya mwisho.

Hofu kwamba orodha ya mtandaoni itawaonyesha majangili pa kwenda ina msingi, na ndiyo maana kwa spishi zinazowindwa au kuibwa, mahali kamili hufichwa na umma huonyeshwa eneo pana tu.

Neno kujitolea lenyewe linatia shaka kwetu, na ni haki. Tunawajua vijana waliomaliza chuo wanaofanya kazi ofisini mwaka mzima bila mshahara wakingoja nafasi isiyotangazwa. Jumba linaloacha kuajiri msimamizi kwa kuwa wastaafu wanakuja bure linafanya kosa lilelile, na orodha zake zitaharibika, kwa sababu kila mtu wa kujitolea anahitaji mwajiriwa wa kumfundisha na kumhakiki. Kazi nzuri za namna hii huongeza mikono juu ya wataalamu, haziwaondoi.

Nasi tuna stoo zetu. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina sampuli zipatazo milioni moja. Mizizi yake ni kituo cha Wajerumani cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa 1902. Mkusanyiko ulihamia Nairobi 1950. Juu ya karatasi hizo na za bustani ya mimea ya Kew, London, ndipo ilipojengwa kazi ya kueleza mimea yote ya Uganda, Kenya na Tanzania, iliyoanza 1948 na kumalizika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Arusha wana hebaria ya taifa ya Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana yao, Yangambi wana yao, na Lwiro karibu na Bukavu kuna makusanyo ya wanyama. Kwenye stoo kama hizi, lebo za mkono zinasubiri mtu mwenye kamera na subira.

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yaliungua. Yalikuwa na vitu vipatavyo milioni 20. Mkusanyiko wa wadudu uliokuwa ndani ya jumba kuu uliteketea karibu wote. Hebaria, iliyokuwa kwenye jengo jingine, ikapona. Siku chache baadaye wanafunzi wa chuo kimoja cha mji huo waliomba umma utume picha zozote walizowahi kupiga humo ndani, na watalii wakatuma walizopiga wakiwa likizo. Kwa sampuli ambazo hazikuwahi kuingia kwenye katalogi, hakukuwa hata na namna ya kuandika kilichopotea.